Kitanda Usichokilalia

Jumapili ile nilifika wodini saa nane mchana, saa ya kutazama wagonjwa, nikamkuta mjomba amekaa ukingoni mwa kitanda, shati la kutokea mwilini, baraghashia kichwani, anammenyea chungwa jirani yake wa kitanda cha dirishani. Nilisimama kidogo mlangoni nikamwangalia. Huyu ndiye mzee tuliyemwingiza hapo Alhamisi jioni kwa kiti cha magurudumu, mguu wa kushoto umevimba kutoka kifundoni hadi gotini, ngozi imetuna inang'aa kama bilinganya, meno yanagongana kwa homa. Sasa uvimbe ulikuwa umenywea hata mikunjo ya ngozi imerudi mahali pake. Kanula bado ilikuwa mkononi, plasta yake imekunjamana na kuingia weusi, lakini stendi ya dripu ilikuwa imeshahamishiwa kitanda kingine tangu jana yake. Dawa alikuwa anameza mwenyewe, vidonge, kwa maji ya chupa tuliyomletea sisi.

"Mjomba," akaniambia, "hivi hapa nimelazwa au nimepanga?"

Nikamwendea sista wa zamu. Alikuwa peke yake na wagonjwa wasiopungua thelathini, lakini alinijibu kwa upole. "Mzee wako yuko vizuri kabisa. Ila wa kumruhusu ni bingwa, na bingwa anapita Jumatatu." Jumatatu bingwa alipita kweli, saa tano asubuhi, akaubonyeza mguu mara mbili kwa kidole gumba, akasaini. Hapo ikabaki dawa za kwenda nazo na faili kupita dirisha la bima, na mtandao wa dirishani ulikuwa chini. Tulitoka Jumanne saa sita mchana. Muda wote huo mkaza mjomba alikuwa amefunga meza yake ya vitumbua, anashinda kwenye benchi la nje na hotpoti mapajani, anapanda daladala mbili asubuhi na mbili jioni.

Faili nililipeleka mimi dirishani. Kila aliyewahi kuuguza anaijua safari hiyo, na anajua pia kwamba ukiwa njiani unachungulia. Alhamisi ilikuwa na nusu ukurasa: joto, presha, ukubwa wa uvimbe, wasiwasi wa sumu kuingia kwenye damu, dawa ya mshipani kila baada ya saa kadhaa. Ijumaa mistari sita. Jumamosi, kwa kile Kiingereza cha mkato cha madaktari, mstari mmoja: anaendelea vizuri, aendelee na dawa. Jumapili palikuwa na namba za joto na presha za wauguzi, basi. Jumatatu: aruhusiwe.

Simshtaki mtu. Bila zile sindano za siku mbili za mwanzo huenda leo ningekuwa naandika tanzia. Lakini siku tano zile zililipiwa zote kwa bei moja, kana kwamba siku aliyotetemeka na siku aliyomenya machungwa ni kitu kimoja. Na siku za karibuni, nchi zetu zinapohangaika na bima ya afya kwa wote, ugomvi wa nani alistahili kulazwa na nani hakustahili umekuwa mkubwa, na naona tunauamulia mahali pabaya. Tunauamulia mezani, wiki au miezi baada ya mgonjwa kwenda kwao, kwa mtu ambaye hakumwona. Kitanda usichokilalia, wazee walisema, hujui kunguni wake. Mimi nadhani hukumu hiyo ni ya daktari aliyesimama kando ya kitanda, aitoe kila asubuhi, mgonjwa akiisikia, na aiandike. Anayelipa akague maandishi hayo.

Mwaka 1981 watafiti wawili wa Boston, Paul Gertman na Joseph Restuccia, walichapisha utaratibu wa kukagua mafaili ya wagonjwa waliolazwa ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi za Ulaya pia. Kilichonivutia ni kwamba hauulizi mgonjwa anaumwa nini. Unachukua siku moja tu ya mgonjwa huyo na kuipekua: Alifanyiwa upasuaji siku hiyo? Alikuwa kwenye dawa ya mshipani? Alihitaji kuangaliwa pumzi na mapigo ya moyo mara kwa mara? Hali yake ilikuwa imetetereka ndani ya siku moja au mbili zilizotangulia? Isipopatikana hata sababu moja, siku hiyo inaandikwa kuwa haikuhitaji hospitali, isipokuwa mkaguzi awe na hoja ya kitabibu ya kuivuka orodha. Kisha, na hapa ndipo wengi wanaposahau, anatakiwa aandike kwa nini siku hiyo ilitokea: kipimo kilichelewa, daktari hakupita, nyumbani hakuna wa kumhudumia, hospitali ya kumpokea haijajibu.

Ukimpitisha mjomba kwenye chekeche hilo anabaki na siku mbili halali na tatu za kupanga. Na sababu ya zile tatu inajulikana. Jumamosi na Jumapili zilikuwa za bingwa, Jumatatu ilikuwa ya mtandao.

Lakini chekeche peke yake halitoshi, na historia ya kifua kikuu inaonyesha kwa nini. Kibong'oto, wilayani Siha, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kuna hospitali iliyoanza mwaka 1926 kama mahali pa kuwatenga na kuwatunza wagonjwa wa kifua kikuu. Enzi hizo hapakuwa na dawa ya kuua vijidudu vyake. Tiba ilikuwa hewa baridi ya mlimani, chakula, kulala chali na kusubiri, miezi au miaka. Hata dawa zilipopatikana kuanzia miaka ya 1940, madaktari wengi duniani hawakuweza kufikiria mgonjwa wa kifua kikuu nje ya kitanda. Kulazwa kulikuwa ndiyo tiba yenyewe, dawa nyongeza.

Mwaka 1956 huko Madras, India, mji unaoitwa leo Chennai, lilianzishwa jaribio lililovunja imani hiyo. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipelekwa sanatoria: chakula kizuri, mapumziko, wauguzi. Nusu walibaki makwao, kwenye vyumba vya kubanana, wakila walichokipata, wengi wao wakiendelea na shughuli. Dawa zilikuwa zilezile, mwaka mmoja. Matokeo yalipotangazwa 1959 tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo sana, na watu walioishi nyumba moja na wale wa nyumbani hawakuonekana kuambukizwa zaidi ya ndugu wa wale waliotengwa. Kulazwa kwa mwaka mzima, kulikoaminiwa na kila msomi wa tiba, kumbe kulikuwa hakuongezi kitu kikubwa juu ya dawa. Miaka iliyofuata sanatoria zilifungwa nchi baada ya nchi.

Sasa tazama kilichofuata Tanzania. Mpango wa taifa wa kifua kikuu uliojengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa uongozi wa kitaalamu wa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia aliyefanyia kazi Uholanzi, ulikuja kuwa mfano kwa dunia. Na ndani ya mpango huo wagonjwa wengi walilazwa miezi miwili ya mwanzo. Je, Styblo hakuwa amesoma habari za Madras? Alikuwa anazijua vizuri. Ila dawa za miezi ile zilihitaji sindano ya kila siku na muuguzi wa kushuhudia kila kidonge kikimezwa, na mgonjwa wa kijijini alikuwa anatembea nusu siku kufikia zahanati. Mapafu yake hayakuhitaji kitanda. Umbali ndio uliokihitaji.

Kibong'oto yenyewe iliyapitia hayo tena. Tiba ya kifua kikuu sugu ilipoanza nchini mwaka 2009 ilitolewa hapo tu, na mtu wa Dar es Salaam au wa kusini kabisa alipanda basi kwenda kuishi mlimani kwa miezi. Miaka michache baadaye huduma ikaanza kusogezwa mikoani, na mgonjwa wa aina ileile, mwenye vijidudu vilevile, akawa anameza dawa jirani na kwake. Ugonjwa ulikuwa haujabadilika. Kilichoongezeka ni muuguzi aliyefundishwa, karibu.

Tangu niyasome hayo, nikiona mtu kitandani najiuliza: kitanda hiki kinatibu, au kinaziba pengo? Kikiwa kinaziba pengo, ni pengo la nani?

Maana mapengo hayalingani. Chukua nyumba za wazazi ngojea, zile zilizojengwa kando ya baadhi ya hospitali na vituo vya afya vyetu. Mama mwenye mimba ya wiki thelathini na nane, ambaye safari iliyopita alijifungua kwa upasuaji, anatoka kijijini na kapu lake la unga na dagaa, anakuja kuishi hapo hadi uchungu umshike. Haumwi kitu. Hakuna dawa anayopewa, hakuna dripu. Mkaguzi anayefuata orodha ya Boston neno kwa neno ataifuta kila siku yake. Lakini mto ukifurika kati ya kijiji chake na chumba cha upasuaji, hiyo ndiyo siku yenye thamani kuliko zote hospitalini hapo. Barabara ni sehemu ya hali ya mgonjwa, sawa na presha yake. Daktari anayeandika "anatoka umbali wa kilomita sitini, hakuna usafiri usiku" ameandika sababu ya kitabibu, na mlipaji anapaswa kuipokea hivyo.

Na kuna siku zisizokuwepo ambazo zingepaswa kuwepo. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliyejifungua salama kwa njia ya kawaida akae kituoni angalau saa 24, kwa kuwa damu nyingi zinazoua wazazi hutoka ndani ya siku hiyo ya kwanza. Ingia wodi ya wazazi iliyofurika uone. Akina mama wawili kitanda kimoja, wamelala mzungu wa nne, miguu ya huyu kichwani kwa yule, na vichanga viwili katikati. Ikifika saa ya sita au ya nane baada ya kujifungua, mwenye nguvu anainuliwa amwachie nafasi anayeingia. Hakuna mkaguzi wa bima anayekuja kuuliza juu ya mama huyo, kwa sababu siku ambayo mtu hakulala haina ankara. Tunapozungumzia ulazaji usio wa lazima tunasahau kuwa kitanda alichokalia mjomba Jumapili na kitanda walichogawana wale wazazi viko chini ya paa moja, wodi tofauti.

Wanaolipa nao wamechangia kuharibu mambo, mara nyingi bila kukusudia. Mfuko wa taifa wa bima ya hospitali wa Kenya ulianzishwa mwaka 1966, na kama jina lake lilivyokuwa, kwa miongo mingi ulimlipia mwanachama wa kawaida akilazwa. Akitibiwa akaenda zake, alilipa mwenyewe. Huduma za nje kwa wanachama wote kwa ujumla zilikuja kuongezwa mwaka 2015. Fikiria basi daktari mwenye huruma mbele ya mama asiye na pesa ya kipimo. Afanye nini? Anamlaza ili kadi ifanye kazi. Uongo huo mdogo, wa wema, ulirudiwa hadi ukawa desturi, kisha wakaja wasio na wema wakaifanya biashara. Mwaka 2025, mfuko huo ukiwa umeshapisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Waziri wa Afya Aden Duale alitangaza kusimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma za ulaghai, na miongoni mwa tuhuma hizo ilikuwa kuwageuza kwenye karatasi wagonjwa wa nje kuwa waliolazwa. Sishangai. Ukilipia vitanda miaka hamsini, watu watakuuzia vitanda. Milton Roemer, mtafiti wa Kimarekani, alishaliona hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950: palipo na kitanda na bima ya kukilipia, atapatikana wa kukilalia.

Kwetu Tanzania, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, unalipa kwa huduma: kumwona daktari ni mstari, kipimo ni mstari, dawa ni mstari, na siku ya kitanda ni mstari. Machi 2024 kitita kipya cha mafao kilipoanza, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa Mfuko. Nilifuatilia mabishano yale kwa karibu. Yalikuwa ya bei: mstari huu uwe shilingi ngapi, ule ushuke kiasi gani. Sikumsikia mtu akiuliza mstari wenyewe ulistahili kuandikwa au la.

Wengine wanasema dawa yake ni kulipa kwa ugonjwa, bei moja, ulale siku mbili au kumi. Marekani walifanya hivyo kwa wazee wao wa Medicare, bima ya serikali yao, kuanzia Oktoba 1983, na Ghana wameutumia mfumo wa jamaa hiyo tangu 2008. Siku za kupanga zinapungua, hilo ni kweli. Lakini sasa hospitali inapata faida mgonjwa akiondoka mapema, na malalamiko ya wazee kupewa ruhusa wakiwa bado wanapepesuka yalianza Marekani muda mfupi baada ya hapo. Ukilipa kwa siku wanamchelewesha, ukilipa kwa ugonjwa wanamharakisha. Hakuna bei inayoweza kufanya kazi ya daktari.

Wamarekani ndio waliokwenda mbali zaidi katika kutafuta kipimo, na niliposoma walikofika nilicheka kwanza, nikasikitika baadaye. Tangu tarehe 1 Oktoba 2013 Medicare ina kanuni ya saa sita mbili za usiku: daktari akitarajia kwa sababu za msingi kwamba mgonjwa atahitaji huduma ya hospitali kupita saa sita za usiku mara mbili, huyo kwa kawaida anahesabiwa amelazwa. Chini ya hapo mara nyingi anahesabiwa yuko kwenye uangalizi, yaani mgonjwa wa nje, hata kama amevaa gauni la hospitali, ana kitanda, na analetewa chakula. Tofauti hiyo si ya maneno. Medicare hailipii makao ya uuguzi baada ya hospitali mpaka mzee awe amelazwa siku tatu mfululizo, na za uangalizi hazihesabiwi. Walikuwepo wazee waliovunjika nyonga, wakalala siku kadhaa hospitalini, wakaambiwa siku ya kutoka kwamba kwa vitabu hawakuwahi kulazwa. Mwaka 2015 ilibidi itungwe sheria ya kuilazimu hospitali imjulishe mgonjwa aliyekaa kwenye uangalizi zaidi ya saa 24 kwamba hajalazwa. Mjomba nilipomsimulia alisema kumbe hata yeye Jumapili alikuwa anauliza swali la Kimarekani.

Hata hivyo ndani ya kanuni ile kuna neno moja ningelibeba nilete nyumbani: *akitarajia*. Kinachopimwa ni kile daktari alichokuwa na sababu ya kukitarajia alipoandika amri ya kumlaza, kwa dalili na historia zilizomo kwenye faili. Kilichotokea baadaye hakitumiki kumhukumu.

Hilo kwetu halijaingia vichwani. Mtoto wa miaka mitatu analetwa saa tano usiku, amepatwa na degedege njiani, hajitambui, kipimo kinaonyesha malaria. Anachomwa artesunate papo hapo, anarudiwa baada ya saa kumi na mbili, na tena baada ya saa ishirini na nne. Mwongozo unataka sindano ziendelee kwa angalau saa hizo 24 hata kama alfajiri ameomba uji, ndipo apewe dawa ya kumeza ya kumalizia. Na mara nyingi alfajiri ataomba uji kweli. Kufika saa nane mchana anakimbizana na paka wa wodini. Baada ya wiki kadhaa mtu mwenye kalamu nyekundu analifungua dai: malaria, siku mbili, hakuongezewa damu, alipona haraka. Anaandika kwamba angeweza kutibiwa kama mgonjwa wa nje. Kupona kumegeuka ushahidi dhidi ya matibabu yaliyomponya.

Nina rafiki anayefanya kazi ya kukagua madai katika kampuni moja ya bima. Ni tabibu kwa taaluma, mtu mwenye haya, hapendi kazi yake kuitwa ya kukata. Nilimpa kisa cha mjomba bila kumtajia hospitali. "Siku tano za mguu?" akasema. "Tungelipa zote. Uvimbe wa mguu na homa kwa mzee, siku tano ni za kawaida." Nikampa kisa cha mtoto. Akafikiri. "Hicho kingeweza kukatwa. Inategemea kimeangukia meza ya nani." Kisha akaniambia jambo lililobaki kichwani mwangu: kwamba madai anayoyakata mara nyingi ni ya madaktari wanaoandika kidogo. Wenye makosa wanajua kuandika. Anayekatwa ni yule aliyekuwa na wagonjwa arobaini usiku ule, akaokoa mtoto, akaandika mstari mmoja, akakimbilia kitanda kingine.

Kwa hiyo nadai maandishi, na najua ninachokidai. Namdai daktari aliyechoka aandike zaidi. Lakini simwombi kurasa. Namwomba sentensi moja kila asubuhi, mahali pa ile "aendelee na dawa": leo anabaki kwa ajili ya hiki. *Anabaki kwa sababu sindano ya mwisho ni saa tano usiku. Anabaki kwa sababu kidonda kinafunguliwa kesho. Anabaki kwa sababu kwao ni mbali na hakuna usafiri.* Au, kwa ujasiri: *anabaki kwa sababu hakuna wa kumruhusu leo.* Sentensi hii ya mwisho ikiandikwa mara ishirini kwa mwezi, mganga mkuu atalazimika kumpa daktari wa zamu mamlaka ya kuruhusu wagonjwa Jumamosi, jambo lisilohitaji mfadhili wala jengo jipya.

Ziko pia siku za mhasibu, za mtu aliyeruhusiwa na daktari akazuiwa na deni. Hizo si za kujadili. Mahakama Kuu ya Kenya, Jaji Mumbi Ngugi, ilishaamua mwaka 2015 katika kesi ya akina mama wawili waliozuiwa hospitali ya uzazi kwa sababu ya bili kwamba kuwazuia hivyo kulivunja haki zao. Kitanda kisitumike kama lokapu.

Wapo watakaoniambia siku mbili tatu za ziada haziui. Zinaua. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 inasema katika kila wagonjwa 100 waliolazwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 hupata walau ambukizo moja hukohuko hospitalini. Ile kanula ya mjomba yenye plasta nyeusi, iliyokaa mkononi siku tatu bila kazi, ilikuwa mlango wazi. Mzee anayelala wiki nzima misuli ya mapaja inalegea, anarudi nyumbani anashikilia ukuta kwenda msalani. Na mkaza mjomba alipoteza wateja wawili wa vitumbua ambao hadi leo wananunua kwa jirani.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Watu wengi ambao hawajawahi kuwa na kadi watakuwa nayo, na kila kadi itakuja na swali la nani alale na nani aende. Nawaomba wanaosimamia mifuko hiyo mambo matatu tu. Mkaguzi asome alichokijua daktari saa ile, asitumie mwisho wa hadithi kuhukumu mwanzo wake. Umbali na hali ya nyumbani viandikwe na vipokewe kama sababu. Na siku iliyosababishwa na uzembe wa hospitali isilipwe na Mfuko wala na mgonjwa; hospitali iibebe yenyewe.

Na wewe msomaji, kama una mtu wodini wiki hii, jitahidi ufike kabla ya raundi. Mwache daktari amalize kumpima, kisha muulize kwa adabu: Dokta, leo anabaki kwa ajili ya nini? Akikujibu, mwombe aliandike jibu hilo kwenye faili.